Benny Binion: Mhuni wa Texas aliyewafungulia mlango wanyonge wa poka

KUNA wakati ukitaka kucheza mashindano makubwa ya karata duniani, ulitakiwa uweke mezani Dola 10,000 za Marekani. Huna? Kaa pembeni utazame wenzako.

Leo mtu mwenye hela ya kuungaunga anaweza kucheza mchujo, akishinda anakaa meza moja na vigogo. Mchujo huo wenyewe wanauita setilaiti, na ulikulia ndani ya kasino ya mzee mmoja ambaye darasani hakukaa, jela alikaa, na kabla ya kutimiza miaka 35 alikuwa ameshaua watu wawili kwa risasi.

Jina lake Lester Ben Binion. Mjini alijulikana kama Benny.

FARASI, POMBE NA RISASI

Alizaliwa mwaka 1904 Pilot Grove, kijiji cha kaskazini mwa Texas. Utotoni alikuwa mgonjwa mgonjwa, wazazi wakaona bora azurure nje na baba yake, aliyekuwa akiuza farasi. Shule ikampita. Lakini kwenye kambi za wafanyabiashara wa farasi alijifunza somo lingine: karata zinavyochezwa, na zinavyochakachuliwa.

Ujana wake aliumalizia Dallas. Enzi hizo Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe, naye akaingia kwenye whisky ya magendo. Baadaye akahamia kwenye bahati nasibu haramu, na huko ndiko alikopiga mkwanja wa maana.

Mwaka 1931 alimpiga risasi muuza magendo mwenzake, jamaa akafa. Alipewa kifungo cha miaka miwili ambacho hakukitumikia. Mwaka 1936 akamuua mpinzani wake kwenye biashara ya kamari, na kesi ikaisha kwa maelezo kwamba alikuwa akijihami. Baada ya hapo Dallas yote ilijua baba wa kamari ni nani.

Mambo yalimchachia mwaka 1946. Sherifu aliyekuwa akielewana naye aliangushwa kwenye uchaguzi, Binion akafungasha virago kwenda Las Vegas, Nevada, ambako kamari ilihalalishwa tangu mwaka 1931.

Dallas aliacha uhasama. Hasimu wake mkubwa, Herbert Noble, alinusurika kuuawa mara nyingi. Mwaka 1949 bomu lililotegwa kwenye gari lilimuua mke wake, na mwaka 1951 bomu lingine likammaliza mwenyewe. Vidole vingi vilimnyooshea Binion, lakini hakuwahi kutiwa hatiani kwa hilo.

MTU ALIPWE CHAKE

Mwaka huohuo wa 1951 alifungua kasino ya Horseshoe, mtaa wa Fremont katikati ya Las Vegas. Hapo ndipo historia yake inapogeuka, maana mtu aliyetokea kwenye dhuluma alikuja kujenga jina kwa kutomdhulumu mteja.

Kasino nyingi zilikuwa na kikomo kidogo cha dau. Binion akaja na sheria yake: dau lako la kwanza ndilo kikomo chako. Ukianza na kubwa, nyumba inalipokea. Zulia akatandika, chakula akauza bei chee, na hata mcheza kamari wa kawaida alipewa kinywaji cha bure, heshima ambayo kwingine walipewa matajiri.

Mwaka 1980 mtu mmoja aliingia na sanduku lenye Dola 777,000, akaziweka zote kwenye mchezo mmoja wa dadu na kushinda. Hakuzungushwa. Hakuambiwa arudi kesho. Alilipwa mzigo wake wote, akasindikizwa hadi kwenye gari. Mwaka 1984 alirudi na Dola milioni moja, akazipoteza kwa mchezo mmoja. Miezi michache baadaye alijitoa uhai. Kamari ndivyo ilivyo, hata inapochezeshwa kwa haki.

Binion mwenyewe hakuwa msafi mbele ya serikali. Alinaswa kwa kukwepa kodi, akafungwa, akatoka mwaka 1957. Leseni ya kasino hakuipata tena. Familia iliporudisha umiliki mwaka 1964, mwanawe Jack ndiye aliyeshika usukani, huku mzee akikaa kwenye meza yake ndani ya mgahawa wa kasino akipiga stori na wateja. Leseni haikuwa na jina lake, ila kila aliyepita alijua bosi ni yupi.

BINGWA KWA KURA

Mwaka 1970 Binion aliwaita wakali wachache wa poka kwenye kasino yake, akayapa mashindano jina la World Series of Poker. Walicheza siku kadhaa, kisha wakapiga kura kumchagua aliye bora. Akashinda Johnny Moss, mkongwe wa Texas.

Hebu piga picha klabu za ligi zinakaa kikao na kupiga kura nani apewe kombe. Nani angelipa kiingilio kutazama ligi hiyo?

Waliliona hilo mapema. Mwaka 1971 utaratibu ukabadilishwa: mnacheza mpaka abaki mmoja mwenye sarafu zote za mezani. Mshindi akawa Moss yuleyule, safari hii bila kura. Mwaka 1972 ada ya kushiriki ikawa Dola 10,000, wakajitokeza wachezaji wanane tu. Poka ilikuwa imepata ubingwa wa kweli, ila watu wa kuugombea hawakutosha.

Dawa ilitoka kwa Eric Drache, aliyekuwa akisimamia mashindano hayo. Inasimuliwa kwamba siku moja aliona meza ya watu 10, kila mmoja akiwa na kama Dola 1,000 mbele yake. Akawaambia wacheze mpaka abaki mmoja, achukue zote na kulipia nafasi kwenye mashindano makubwa.

Hesabu ni nyepesi: watu 10 kwa Dola 1,000 ni Dola 10,000, tiketi moja. Lakini wepesi huo ndio unaoweza kuharibiwa na msimamizi mbovu. Kwenye poka kuna dau la lazima linalopanda kila baada ya muda. Likipandishwa mbiombio, ujuzi haufui dafu, mnabaki kubahatisha. Mgawa karata akiwa hajui kazi, au makato ya nyumba yasipowekwa wazi, mchezaji anahisi kupigwa na harudi tena. Mwenye Dola 10,000 anaweza kuvumilia. Aliyejinyima kupata Dola 1,000, kwake hiyo ndiyo fainali.

Jibu la uwanjani lilikuja mwaka 1983. Kati ya wachezaji 108, wawili waliobaki mwisho, Tom McEvoy na Rod Peate, wote walikuwa wameingia kupitia mchujo. McEvoy, mhasibu wa zamani kutoka Michigan, akabeba ubingwa na Dola 540,000. Ni sawa na timu mbili zilizoanzia raundi ya awali kukutana fainali. Mwaka 1989 washiriki walifika 178.

Mzee aliushuhudia mwaka huo kwa shida. Desemba 25, 1989, Benny Binion alifariki dunia Las Vegas akiwa na miaka 85.

NYUMBA BILA MZEE

Jack aliendeleza kazi kwa muda, kisha familia ikaingia kwenye mgogoro. Mwaka 1998 aliondoka, uongozi ukachukuliwa na dada yake. Ukafuata wakati wa kubana matumizi. Hata zile noti 100 za Dola 10,000 ambazo Binion aliziweka ukutani ili wageni wapige nazo picha, jumla Dola milioni moja, ziliuzwa.

Mwaka 2003 mchujo ukatoa bingwa mwingine mhasibu. Chris Moneymaker wa Tennessee alianza na mchujo wa intaneti wa chini ya Dola 100, akawapita wachezaji 838 na kuondoka na Dola milioni 2.5. Dunia nzima ikaitaka poka, na poka ilikuwa Horseshoe.

Haikuisha hata miezi nane. Januari 2004 maofisa wa shirikisho waliingia kasino kuchukua fedha za kulipa madeni ya mifuko ya pensheni na matibabu ya wafanyakazi. Hela ya kuendesha michezo ikapungua, milango ikafungwa. Kampuni nyingine ikayanunua mashindano, na yanaendelea hadi leo, na mchujo wake.

Nyumba iliyojijengea jina kwa kumlipa mteja papo hapo, iliangushwa na hela ya wapishi na wahudumu wake.