Brahms: Mtunzi Aliyerudishwa Kazini na Klarineti

Wahenga walinena kwamba vyaeleavyo vimeundwa. Mpigaji klarineti anayejiandaa kupanda jukwaani na kile kipande cha ala tano alichokitunga Johannes Brahms mwaka 1891 hana budi kwanza kuujua mkono uliokiunda. Hakikutungwa na kijana mwenye kutafuta jina. Kilitungwa na mzee wa miaka 58 ambaye alikwisha kuamua kuiaga kazi yake.

Kwa msomaji asiyeizoea, klarineti ni ala ya mti ya kupuliza, jamaa ya zumari yetu ya pwani, ila yenyewe ina utete mmoja tu. Sauti yake ya chini ni nzito yenye majonzi. Ya juu hung'ara.

Brahms alizaliwa tarehe 7 Mei, 1833, katika mji wa bandari wa Hamburg, Ujerumani. Babake alikuwa mwanamuziki wa kawaida aliyechuma riziki kwa kupiga fidla kubwa ya sauti nzito, na mamake alikuwa mshonaji aliyemzidi mumewe kwa miaka 17. Mali haikuwako, lakini mtoto alipata walimu hodari wa piano na utunzi.

Alipotimu miaka 20, mnamo 1853, alifunga safari na mpiga fidla wa Kihangari, Eduard Reményi, wakawa wanapiga muziki mji baada ya mji. Kwa mtu huyo alionja nyimbo za Kihangari, na ladha yake haikumtoka mpaka uzeeni. Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, alibisha hodi kwa Robert Schumann huko Düsseldorf. Schumann, mtunzi wa sifa kubwa, alimsikiliza, kisha akaandika makala katika gazeti la muziki kuutangazia ulimwengu kwamba huyu ndiye aliyekuwa akingojewa.

Sifa hiyo ilikuwa neema, tena ilikuwa mzigo. Februari 1854 Schumann alizidiwa na maradhi ya akili, akajitosa katika mto Rhine. Aliopolewa akiwa hai, lakini alifia hospitalini mwaka 1856, akimwacha mkewe Clara, mpiga piano mashuhuri, na watoto saba. Brahms alisimama na nyumba hiyo katika msiba wote. Alimpenda Clara maisha yake yote. Hata hivyo hakumwoa, wala hakuoa mwingine.

Kwa kazi zake mwenyewe alikuwa kadhi asiye na huruma. Nyingi alizichana au kuzitia motoni kabla hazijaonwa na watu. Simfonia yake ya kwanza haikupigwa hadharani mpaka mwaka 1876, naye akiwa na miaka 43. Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Vienna, na huko alipata heshima na fedha za kumtosha.

Mwaka 1890, baada ya kumaliza kipande cha ala tano za nyuzi, akaona basi. Aliyokuwa nayo ya kusema amekwisha kuyasema. Machi 1891 akaenda kuzuru mji mdogo wa Meiningen, kwenye okestra ya mtawala wa huko. Okestra hiyo aliijua kwa miaka kumi, lakini safari hii alimsikiliza kwa makini mtu mmoja, Richard Mühlfeld. Huyu aliingia katika okestra kama mpiga fidla, kisha akajifunza klarineti peke yake hata akawa bingwa wake. Brahms alimsikia akipiga kazi za Mozart na Weber, naye akatekwa.

Tazama mambo ya ajabu! Mwezi wa Mei mwaka ule ule, katika mji wa Ischl nchini Austria, mzee aliandika wasia wake. Na katika kiangazi hicho hicho, mahali hapo hapo, alitunga vipande viwili kwa ajili ya Mühlfeld. Kimoja ni cha klarineti, selo na piano. Cha pili ni kile cha klarineti na ala nne za nyuzi. Desemba 1891 watu wa Berlin walivisikia. Mnamo 1894 akaongeza sonata mbili za klarineti na piano.

Ayajuaye haya hatakipuliza kipande kile kama mtu asomaye herufi bila ya maana. Katika sehemu ya pili, klarineti inapoanza kupanda na kushuka kana kwamba imevunja kamba, atajua kwamba ndizo zile nyimbo za Kihangari za mwaka 1853, kijana wa miaka 20 akikumbukwa na mzee. Mwishoni, ule wimbo wa mwanzo unaporudi, hatauharakisha kwa kungojea makofi. Hapo mtunzi anayatazama aliyoyapitia. Ataelewa pia kwa nini sauti haitakiwi kuwa kali: Brahms aliandika kwa kuifuata pumzi ya Mühlfeld.

Clara aliaga dunia Mei 1896. Brahms mwenyewe, akiugua ini, alimfuata tarehe 3 Aprili, 1897, akazikwa Vienna. Mühlfeld alifariki mwaka 1907.

Tumezoea kudhani kwamba mtunzi ndiye bwana na mpigaji ni mtumwa wake, aletewaye karatasi akatii. Kisa hiki chaonyesha kinyume. Lau Mühlfeld angalipuliza siku ile kwa kutimiza wajibu tu, mzee angalirudi Vienna na kalamu yake ikabaki mfukoni, na wapigaji klarineti wangalikosa kazi nne ambazo hadi leo ni miongoni mwa hazina zao kubwa. Utu uzima ni dawa, lakini hata dawa huhitaji mtu wa kuifungua chupa.