Maisha ya Kanoni Apolo Kivebulaya, Mwalimu wa Mboga na Mtu wa Sala



Katika mwaka huu wa yubile watu wengi wanahesabu makanisa yaliyojengwa, na shule, na idadi ya waliobatizwa, nao wafanya vema, kwa maana haifai kusahau fadhili za Mungu. Walakini sisi tuliombwa kuandika habari za mtu mmoja tu, mwalimu kama sisi, ili tuone kazi ya Injili huanzia wapi kabla haujawekwa msingi wa jengo lo lote. Tumemchagua Apolo Kivebulaya, aliyeitwa Mtume wa Mboga. Hakuwa wa dayosisi yetu, wala hakutoka katika nchi yetu. Alikuwa Mganda, na kazi yake kubwa aliifanya ng'ambo ya mto Semliki, katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lakini taabu zake ni taabu zetu, na kila mwalimu atakayesoma habari hizi atajiona ndani yake.

Apolo alizaliwa yapata mwaka 1864 huko Kiwanda, katika nchi ya Singo ya Buganda. Alizaliwa pacha, akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa mwanamume atanguliaye katika mapacha, kama kwetu wengi wasemavyo Kulwa. Alipokuwa kijana aliona mambo mengi. Aliwahi kukaa na mganga ili ajifunze uganga, akauacha kwa kuwa aliona hila zake. Tena alisikia mafundisho ya Waislamu, na mafundisho ya Alexander Mackay, yule fundi Mskoti aliyefika Buganda mwaka 1878, ambaye mkono wake mmoja ulishika nyundo na wa pili kitabu. Lakini Waswa hakuongoka upesi. Ikaja miaka ya mateso, Wakristo wakachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Ikaja na miaka ya vita vya dini, na Waswa naye akawa askari. Mbegu ilikaa ardhini muda mrefu, wala hapakuwa na mtu aliyejua ya kuwa ipo.

Basi hapa yatupasa kutaja jambo moja lililotokea kwa watu wengine, kwa maana ndilo lililomfungulia Apolo mlango. Mwezi wa Desemba 1893, mmisionari George Pilkington, aliyekuwa akilifasiri Neno la Mungu kwa Kiganda, alichoka rohoni. Alikuwa na elimu nyingi, naye aliona ya kuwa kanisa lilijaa watu, bali nguvu haikuwamo. Watu wengi walisoma na kubatizwa, kisha wakaishi kama kwanza. Akaenda kisiwa cha Kome katika ziwa Viktoria, akakaa huko akiomba, akasoma kijitabu cha mwinjilisti Mtamil jina lake David, akajitoa upya kwa Mungu. Aliporudi Mengo aliungama mbele ya watu upungufu wake mwenyewe. Watu wakashangaa kumwona mwalimu mkubwa akijishusha. Wakakusanyika asubuhi baada ya asubuhi kuomba, wengi wakaungama, na miongoni mwao wazee wa kanisa wakitangulia. Katika mwaka 1894 walimu wengi wakatoka kwenda visiwani na katika nchi za mbali. Kanisa lile lenyewe liliwatuma na kuwalisha. Posho yao haikutoka Uingereza. Twaomba mkumbuke mpango huo: sala ilitangulia, maungamo yakafuata, ndipo watu wakatumwa.

Katika moto huo Waswa alijifunza, akabatizwa mwezi wa Januari 1895, akapewa jina la Apolo. Lile jina la Kivebulaya watu walimpa kwa sababu ya koti la kizungu alilolivaa, maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Mwaka ule ule wa ubatizo wake alitumwa Toro, chini ya milima ya Rwenzori, awe mwalimu. Alikuwa Mkristo mchanga, hana cheo, hana elimu ya juu. Alikuwa na kitabu chake, na desturi ya kuomba aliyoipokea kwa wale waliomfundisha.

Sasa sikilizeni habari za Mboga. Mboga ni nchi ya vilima, upande wa magharibi wa Semliki, nayo yapakana na msitu mkubwa wa Ituri. Mtawala wake aliitwa Tabaro. Walimu wawili Waganda walikuwa wamefika huko kwanza, lakini hawakudumu. Mtawala alikataza wasipewe chakula, akisema watu wasiolima hawastahili kula, nao wakashikwa na njaa, wakarudi. Tusiwalaumu. Sisi tuandikao haya tuliwahi kufunga mizigo yetu, tulipokuwa walimu vijana katika kijiji kimoja, kwa sababu mwezi mzima hakuna aliyetuletea hata kibaba cha unga. Njaa ya mwalimu ni jambo la kweli, na mtaa unaoacha mwalimu wake alale na njaa una neno la kujibu mbele ya Mungu. Lakini neno hilo si la leo. Turudi kwa Apolo.

Mwishoni mwa mwaka 1896 Apolo alikubali kwenda mahali pale pale walipopakimbia wenziwe. Alichukua kitabu, akachukua na jembe. Alipofika alilima shamba lake mwenyewe, akala jasho lake, hata ile sababu ya Tabaro ikaondoka. Twaona hapa ya kuwa sala yake haikumfanya mtu wa kukaa bure akingoja muujiza. Aliomba, akalima, akafundisha kusoma, na watu wachache wakaanza kuja. Lakini mafundisho yake juu ya pombe na juu ya kuoa wake wengi yalimchukiza Tabaro, na wale wanafunzi wa kwanza wakaona mateso.

Ikawa mwaka 1898 msiba mkubwa ukatokea. Dada yake Tabaro alipatwa na ajali nyumbani kwa Apolo, akaanguka juu ya mkuki, akafa. Tabaro akamshitaki Apolo ya kuwa ndiye aliyemwua. Apolo akapigwa, akafungwa, akapelekwa Toro mbele ya wenye serikali, akatiwa kifungoni. Fikirini hali yake. Alikuwa hana hatia, naye hakuwa na shahidi wa kumtetea. Kazi ya Mboga ilionekana kuwa imekwisha kwa aibu, maana nani angemsikiliza tena mwalimu anayesemwa kuwa mwuaji? Apolo mwenyewe alihuzunika sana, hata moyo wake ukataka kushindwa.

Katika siku zile za taabu, usiku, aliona maono. Alisimulia baadaye ya kuwa alimwona mtu amesimama karibu naye, anang'aa kama jua, akamwuliza yeye ni nani, naye akajibiwa ya kuwa ni Yesu Kristo. Akaagizwa aende akahubiri msituni, akaahidiwa ya kuwa Bwana atakuwa pamoja naye. Hatusemi ya kuwa kila aombaye ataona maono kama hayo. Wengi wetu tumeomba miaka mingi, wala hatujaona kitu kwa macho. Lakini angalieni aliyopewa Apolo. Hakuambiwa siku ya kufunguliwa kwake, wala hakuambiwa ya kuwa adui zake wataadhibiwa. Alipewa kazi, na ahadi ya kuwa hatakuwa peke yake. Wengi wetu tuombapo shida zetu hutaka kwanza kutolewa katika shida. Tukiisha kutolewa, kazi husahauliwa.

Apolo akaonekana hana hatia, akafunguliwa. Angeweza kuomba apewe mahali pengine, na hakuna ambaye angemlaumu. Naye akarudi Mboga, kwa yule yule aliyemshitaki. Kwetu sisi jambo hili ni kubwa kupita mengine yote katika maisha yake. Mtu aweza kuhubiri msamaha miaka ishirini asijulikane kama anao. Tabaro alimwona mtu aliyempiga na kumfunga akirudi kwake bila kisasi, akiwa na jembe lake na kitabu chake. Moyo wa mtawala ukaanza kulegea. Mwishowe Tabaro mwenyewe akafundishwa na kubatizwa, na watu wake wengi wakamfuata.

Mwaka 1900 Apolo aliwekwa kuwa shemasi, na mwaka 1903 kuwa kasisi, kwa mikono ya Askofu Tucker. Akapewa kazi katika Toro kwa miaka mingi, akawa mbali na Mboga. Tena mipaka ya wakoloni ikabadilishwa, Mboga ikahesabiwa katika Kongo ya Wabelgiji. Hapa hatutaficha jambo lisilopendeza. Mchungaji alipokuwa mbali, kanisa la Mboga lilipungua nguvu, na wengine wakarudia mambo ya kale. Mwaka 1915 Apolo akarudi. Umri wake sasa ulikuwa kama miaka hamsini, wakati ambapo wengi hutamani kukaa karibu na kwao. Akaanza tena, akifundisha na kuomba pamoja na watu, akawaandaa walimu wenyeji, ili kazi isimtegemee mtu mmoja. Tunafikiri alikuwa amejifunza kwa upungufu ule. Kanisa ambalo mwalimu peke yake ndiye aombaye, siku mwalimu akihamishwa sala nayo huhamishwa.

Katika miaka yake ya utumishi aliishi bila mke, lakini nyumba yake haikuwa na ukiwa, kwa kuwa alilea watoto wengi, akawafundisha. Aliandika habari za siku zake katika daftari kwa Kiganda. Wala hakusahau lile agizo la msitu. Tangu mwaka 1921 au karibu na hapo aliingia kwa Wambuti, watu wafupi wa msituni wanaoishi kwa kuwinda na kuokota asali na matunda. Majirani zao wengi waliwadharau, wakiwahesabu kuwa si watu kamili. Apolo alikaa nao, akala nao, akajifunza kusema nao, akashughulika kuwafasiria Injili ya Marko. Wengine wakabatizwa. Mwaka 1922 alifanywa kuwa Kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe, heshima kubwa. Naye akaipokea, akarudi zake msituni.

Mwaka 1933 aliugua, akajua ya kuwa safari yake yaisha. Akataka kufa Mboga, kati ya watu aliowazaa katika Injili. Desturi ilikuwa maiti aelekezwe upande wa kwao, na kwao Apolo ni mashariki, Buganda. Yeye akaagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa maana huko Injili ilikuwa bado haijafika. Akafa tarehe 30 Mei 1933, akazikwa kama alivyoagiza.

Kazi haikufa pamoja naye. Walimu aliowalea waliendelea kuingia msituni na katika miji ya Kongo. Mwaka 1972 Mboga ikawa na dayosisi yake, na mwaka 1992 kanisa la Anglikana la nchi ile, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, likawa jimbo lenye kujitawala. Leo wengi wa Wakristo wale wanamsifu Mungu kwa Kiswahili, lugha hii yetu.

Sasa, ndugu zetu, tuulizane kabla hatujala karamu ya yubile. Katika mtaa wetu, ni watu wangapi wanaokusanyika asubuhi kuomba, pasipo msiba wala sikukuu? Je, mabaraza yetu ya kanisa huanza kwa sala ya kweli, au kwa sala fupi ya desturi, kisha saa tatu za magombano juu ya fedha? Nani kati yetu wazee na walimu amewahi kuungama upungufu wake mbele ya watu, kama Pilkington alivyofanya Mengo? Na yule mtu tuliyegombana naye, aliyetusingizia, je, tumemrudia? Nanyi Wakristo mlio mashambani, mwalimu wenu amekula nini juma hili?

Twaona vema kila mtaa uchague siku moja katika juma, asubuhi na mapema, watu wakutane kanisani waombe. Waombee kijiji kimoja kilicho karibu ambacho Injili haijakaa, wakitaje kwa jina lake. Tena waombee adui mmoja, naye atajwe moyoni mwa kila mtu. Hata mwaka utakapokwisha, tuone kama hakutatokea kijana atakayesimama na kusema yu tayari kwenda. Akitokea, mtaa umpe kitabu, umpe na jembe, wala usimwache alale na njaa.

Mungu aliyemtia nguvu mtumishi wake Apolo katika kifungo, na atutie nguvu sisi katika uhuru wetu. Amina.