MKUU WA POLISI ALIYEUPIMA MWENDO WA NURU

Ndugu zetu wanaoshika zamu za usiku wanaifahamu Mshtarii, ijapokuwa pengine si kwa jina. Ni ile nyota kubwa nyeupe ambayo katika baadhi ya miezi ya mwaka hung'aa kupita nyingine zote za usiku wa manane. Kwa hakika hiyo si nyota bali ni sayari, tufe la gesi lenye upana upatao mara 11 ya ule wa dunia yetu, nayo huzungukwa na miezi zaidi ya 90 iliyokwisha kujulikana. Minne iliyo mikubwa iligunduliwa na Galileo Galilei wa Italia mnamo Januari 1610. Leo tunaeleza habari za mtu aliyejifunza jambo kubwa kutoka kwa mmoja wa miezi hiyo, kisha akamaliza utumishi wake akiwa mkuu wa polisi.

Ole Rømer alizaliwa tarehe 25 Septemba 1644 katika mji wa Århus, nchini Denmark. Alisoma Chuo Kikuu cha Copenhagen chini ya Profesa Rasmus Bartholin. Mwaka 1671 alimsaidia mtaalamu wa Kifaransa, Jean Picard, kuangalia mwezi uitwao Io ukiingia na kutoka katika kivuli cha Mshtarii. Picard alipendezwa na bidii ya kijana huyo, na mwaka 1672 akamchukua hadi Paris.

Kazi hiyo haikuwa mchezo. Io huizunguka Mshtarii kwa muda wa saa 42 na nusu hivi, na kila mara hupatwa. Watu wa miji miwili wakiandika saa ya tukio lilo hilo, tofauti ya saa zao huonyesha umbali wa miji hiyo kati ya mashariki na magharibi. Kwa njia hiyo ramani ya Ufaransa ilisahihishwa, na kila askari anajua gharama ya kutembea na ramani yenye makosa.

Lakini saa hiyo ya mbinguni ilikuwa na kasoro. Dunia ilipokuwa ikijitenga na Mshtarii, Io ulichelewa kutokea; ilipokuwa ikiikaribia, uliwahi. Rømer akaitambua sababu. Tuchukue mfano wa kituo kinachomtuma tarishi kila saa 42. Kamanda akizidi kusonga mbali, kila tarishi atachelewa kuliko aliyemtangulia, wala mlinzi kituoni hana kosa lolote. Io haukuchelewa, nuru yake ndiyo iliyokuwa na safari ndefu zaidi.

Mnamo Septemba 1676 Rømer alitangaza kwamba tukio la tarehe 9 Novemba lingechelewa kwa dakika 10, na ndivyo ilivyokuwa. Hata hivyo Giovanni Cassini, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote katika kituo hicho cha Paris, na ambaye mwenyewe aliwahi kuligusa wazo hilo kisha akaliacha, hakukubali. Rømer hakumtukana mkubwa wake, wala hakuifuta taarifa yake. Alikadiria kwamba nuru huchukua dakika 22 kuvuka upana wa njia ya dunia kulizunguka jua. Leo tunajua kuwa ni karibu dakika 17, kwani nuru huenda kilomita 299,792 kwa sekunde. Hesabu ilikuwa na upungufu, lakini hoja ilikuwa sahihi.

Mwaka 1681 alirejea kwao kuwa profesa. Mwaka 1683 aliipa nchi yake mizani na vipimo vya aina moja, na mwaka 1700 alifanikisha mabadiliko ya kalenda. Mwaka 1705 akakabidhiwa polisi wa Copenhagen. Inasimuliwa kwamba alipoingia kazini aliwaachisha kazi askari wote kwa kuwa ari yao ilikuwa imeshuka mno. Tena alishughulikia taa za mafuta za barabarani, maji safi, mifereji ya maji machafu na vifaa vya kuzimia moto. Kwa maana usalama wa raia haukai kwenye rungu peke yake.

Alifariki tarehe 19 Septemba 1710. Mwaka 1728 moto mkubwa uliteketeza sehemu ya mji huo pamoja na sehemu kubwa ya maandishi yake. Mwaka huo huo Mwingereza James Bradley, kwa njia nyingine kabisa, alipata ushahidi kwamba Rømer alisema kweli.

Kwetu sisi tulio katika utumishi, funzo li wazi. Taarifa ya zamu iandikwe kama jambo lilivyoonekana na kwa saa yake halisi, hata ikiwa haiwafurahishi wakubwa. Karatasi huweza kuungua, lakini jambla lililopimwa kwa uaminifu, mwingine atakayelipima atalikuta pale pale.