Allidina Visram: Tajiri wa maduka aliyekwepa kutegemea mali ya aina moja

Malori yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala hadi mashariki mwa Kongo yanapita katika njia ambayo Allidina Visram aliijaza maduka zaidi ya miaka 100 iliyopita. Wakazi wa Mombasa wanalifahamu jina lake kutokana na shule ya sekondari inayoitwa kwa jina hilo. Kwa wafanyabiashara, maisha yake yana funzo kuhusu mahali pa kununua mali na hatari ya kutegemea upande mmoja.

Aanza Bagamoyo

Visram alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, eneo la Kutch nchini India. Alifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1863 akiwa kijana wa miaka 12, asiye na mtaji. Bagamoyo alifanya kazi na Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara maarufu aliyekuwa akiandaa misafara ya bara, yaani kutafuta wapagazi, nguo, shanga na mahitaji mengine ya safari.

Misafara hiyo ilirudi na pembe za ndovu, nta na ngozi. Faida ilikuwa kubwa, na hatari vilevile. Mzigo ulikaa njiani kwa miezi, na ugonjwa, njaa au vita vya bara viliweza kumaliza mtaji wote. Tena pembe zilikuwa zikipungua kadiri ndovu walivyouawa. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Visram alikuwa tayari ameanza kutazama njia nyingine.

Reli yabadili mambo

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na reli ikafika Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1901. Visram alifungua maduka kuifuata reli, akiwauzia vyakula na bidhaa wafanyakazi waliokuwa wakiijenga. Hakuingoja ifike ziwani: mwaka 1898 alikuwa na duka Kampala. Baadaye maduka yake yalienea Jinja, Kisumu, na kaskazini hadi Nimule na Gondokoro kwenye mto Nile.

Uamuzi huo ulimwokoa. Baada ya reli kufika ziwani, hata mizigo ya Mwanza na Bukoba, zilizokuwa chini ya Wajerumani, ilianza kupitia Kisumu na Mombasa, na njia ya misafara ya Bagamoyo ikadorora. Aliyekuwa na njia moja tu alibaki na maghala matupu.

Duka lanunua na kuuza

Kila duka la Visram lilikuwa pia kituo cha kununulia mazao. Mkulima alileta ngozi, ufuta, karanga au pamba, akaondoka na nguo, chumvi au jembe. Wenye maduka madogo walipewa bidhaa kwa mali kauli, wakalipa baadaye kwa fedha au kwa mazao. Kwa hiyo mvua ikikosekana wilaya moja, wilaya nyingine ilimpatia mzigo. Bei ya zao moja ikianguka, zao jingine liliziba pengo.

Aliongeza mashamba, viwanda vya kukamua mafuta na kuchambua pamba, pamoja na vyombo vya kusafirisha mizigo ziwani. Hivyo hakuwa mateka wa msafirishaji mmoja wala mnunuzi mmoja.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, mpaka kati ya eneo la Wajerumani na la Waingereza uligeuka uwanja wa mapigano. Aliyenunua mali upande mmoja tu angeweza kufungiwa kabisa. Visram bado alikuwa na Uganda, pwani ya Mombasa na Kongo.

Palipobaki wazi

Hata hivyo, pengo moja halikuzibwa. Mazao, njia na vituo vilikuwa vingi, lakini imani iliyobeba mikopo yote hiyo ilimtegemea mtu mmoja. Mwaka 1916 Visram alikwenda Kongo kukagua biashara zake, akashikwa na homa, akafariki akiwa na miaka 65.

Mwanawe Abdulrasul alirithi biashara na kujenga shule ya Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake. Abdulrasul naye alifariki mwaka 1923, na biashara ile kubwa haikudumu muda mrefu baada ya hapo.

Kwa mfanyabiashara au msafirishaji wa leo, swali la kujiuliza ni lile lile. Wauzaji watatu wanaotegemea barabara moja, mpaka mmoja au mkopeshaji mmoja, kwa hesabu ya hatari ni sawa na muuzaji mmoja. Na aliyefanikiwa kutawanya yote hayo, bado anapaswa kujua nani atashika daftari la madeni siku yeye hayupo.