Mohandas Gandhi, Wakili wa Wafanyabiashara

Kila Diwali tunapoweka madaftari mapya ya hesabu mbele ya Lakshmi na Ganesh, huomba mwaka wenye faida na haki. Kwa hiyo, katika kijitabu hiki cha maadhimisho ya hekalu letu, tumeonelea vema kuwasimulia waumini wenzetu, pamoja na majirani zetu wa Malinyi wanaoshiriki nasi furaha hii, habari za Mohandas Karamchand Gandhi. Wengi wanamjua kwa harakati za uhuru wa India. Wachache wanakumbuka kwamba kwa miaka mingi riziki yake ilitokana na mashauri ya biashara.

Alizaliwa Porbandar, Gujarat, tarehe 2 Oktoba 1869. Alisomea sheria London na kupokewa katika uwakili mwezi Juni 1891. Aliporejea nyumbani mambo hayakumnyookea. Katika kesi yake ya kwanza mjini Bombay alisimama kumhoji shahidi, ulimi ukamganda. Aliiacha kesi kwa wakili mwingine, na ada akairudisha.

Mwaka 1893 ilimfikia kazi kutoka kwa kampuni ya Dada Abdulla, Waislamu wa jamii ya Memon wenye asili ya Porbandar waliokuwa wakifanya biashara Afrika Kusini. Walikuwa na shauri la madai ya pauni 40,000. Ujira wake ulikuwa pauni 105, pamoja na nauli na gharama za safari. Meli yake ilipita pwani yetu ya Afrika Mashariki: ilitia nanga Lamu, kisha Mombasa, na Zanzibar alikaa zaidi ya wiki akisubiri chombo cha kumpeleka kusini.

Shauri lenyewe lilikuwa Pretoria. Mdaiwa, Tyeb Haji Khan Muhammad, alikuwa jamaa wa mdai na mtu wa mji mmoja naye. Ushahidi wote ulikuwa katika hesabu na hati za ahadi ya kulipa deni, na kijana huyu hakujua utunzaji wa hesabu hata kidogo. Alinunua kitabu, akajifunza, kisha akayapitia madaftari moja baada ya jingine. Aliona kwamba haki iko upande wa mteja wake. Lakini aliona pia kwamba ada za mawakili zilikuwa zinawamaliza ndugu wote wawili, mshindi na mshindwa.

Aliwasihi waende kwa msuluhishi, wakakubali. Dada Abdulla alishinda, na Tyeb akatakiwa kulipa pauni 37,000 pamoja na gharama. Kuzilipa kwa mkupuo kungemfilisi, na kwa wafanyabiashara wa Kimemon wa huko kufilisika kulikuwa aibu iliyozidi kifo. Hapo Gandhi alimrudia mteja wake mwenyewe, akamwomba apokee deni kwa mafungu madogo kwa muda mrefu. Jambo hilo lilimwia gumu kuliko kuwafikisha kwa msuluhishi, kwa maana aliyeshinda ndiye aliyeombwa kupunguza makali. Mwishowe Dada Abdulla aliridhia. Deni lililipika, na heshima ya wote wawili ikasimama.

Mwaka 1894 aliandikishwa kuwa wakili wa Mahakama Kuu ya Natal, ingawa chama cha mawakili wa huko kilimpinga. Katika shauri moja la hesabu, wasuluhishi walimpa mteja wake ushindi kamili, lakini waliandika fungu moja katika upande usio wake wa hesabu. Wakili mwandamizi wa upande wake alitaka wanyamaze. Gandhi alilieleza kosa hilo mbele ya majaji. Kwanza walimshuku hila. Walipomsikiliza hadi mwisho walirekebisha kosa, na ushindi ukabaki palepale.

Rafiki yake Parsi Rustomji, mfanyabiashara mkubwa wa Durban, aliwahi kubainika kuwa akikwepa ushuru wa forodha kwa bidhaa alizoagiza India. Kifungo kilikuwa karibu. Gandhi hakumtafutia mwanya wa sheria. Alimtaka akiri yote, hata yale ambayo maofisa hawakuyajua. Rustomji alikiri, akalipa mara mbili ya ushuru alioukwepa. Kisha aliandika mkasa mzima, akautia katika fremu na kuutundika ofisini mwake, ili warithi wake na wafanyabiashara wenzake wauone.

Gandhi aliondoka Afrika Kusini mwaka 1914. Mwaka 1922, baada ya kufungwa kwa ajili ya siasa, jina lake lilifutwa katika orodha ya mawakili huko London. Lilirejeshwa mwaka 1988, miaka 40 baada ya kuuawa kwake New Delhi tarehe 30 Januari 1948.

Sisi wa bonde la Kilombero tunakopeshana kabla ya mavuno na kulipana kwa mpunga. Mvua ikizidi au bei ikishuka, deni huzua uhasama. Na gunia la lumbesa humwibia mkulima hata pale ambapo karatasi inaonyesha haki. Dawa ya deni ni kulipa, wala Gandhi hakufundisha vinginevyo. Alichoongeza ni kwamba anayedai amwachie anayedaiwa nafasi ya kulima msimu ujao. Jirani aliyefilisiwa leo hatakuwa mteja wetu kesho, wala mgeni wetu siku ya sherehe.