Richard Bright: Tabibu aliyefumbua fumbo la figo

KWA zaidi ya miaka 100, mgonjwa aliyevimba mwili kwa sababu ya figo mbovu aliambiwa kwamba ana ugonjwa wa Bright. Jina hilo lilitokana na tabibu Mwingereza, Richard Bright, ambaye hadi leo hutajwa kuwa baba wa elimu ya magonjwa ya figo.

Bright alizaliwa Septemba 28, 1789, katika mji wa bandari wa Bristol. Babake alikuwa mfanyabiashara na mwenye benki, mtu mwenye ukwasi, na kijana huyo angeweza kuishi raha mustarehe bila kumgusa mgonjwa hata mmoja. Hata hivyo, mnamo 1808 alijiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, na akapata shahada ya udaktari mwaka wa 1813.

Alikuwa msafiri mwenye kiu ya kujua. Mnamo 1810 alikwenda Iceland pamoja na Sir George Mackenzie na Henry Holland, akachunguza mimea na wanyama. Baadaye alizuru Vienna na Hungary, na mwaka wa 1818 akachapisha kitabu cha safari hiyo kilichopambwa kwa michoro ya mkono wake mwenyewe. Jicho la mchoraji lingemfaa sana katika kazi iliyomngoja.

Kazi hiyo aliifanya katika Hospitali ya Guy's, London, iliyohudumia maskini wengi wa jiji hilo. Aliajiriwa huko kama tabibu msaidizi mwaka wa 1820, akapandishwa cheo kuwa tabibu kamili 1824. Miongoni mwa wenzake walikuwamo Thomas Addison na Thomas Hodgkin, ambao nao majina yao yalikuja kupewa maradhi.

Wadi za hospitali hiyo zilipokea watu waliovimba uso na miguu, matumbo yao yakiwa yamejaa maji. Aghalabu madaktari wa enzi hizo waliuchukulia uvimbe wenyewe kuwa ndio ugonjwa. Katika karne ya 18, Domenico Cotugno wa Italia alikuwa ameona kwamba mkojo wa mgonjwa wa aina hiyo ukichemshwa huganda mithili ya ute wa yai. Lakini uhusiano wa dalili hiyo na figo ulikuwa haujabainika wazi.

Bright ndiye aliyeziunganisha dalili hizo. Mkojo wa mgonjwa ulitiwa katika kijiko na kupashwa moto juu ya mshumaa. Ukiganda, ilikuwa ishara kwamba una albumini, protini ambayo figo nzima huizuia isitoke kwenye damu. Mgonjwa alipofariki, maiti yake ilipasuliwa, na figo zikachunguzwa na kuchorwa kwa rangi. Mara kwa mara Bright alikuta zimeharibika. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka wa 1827, akisaidiwa na John Bostock aliyechunguza kemia ya damu na mkojo.

Ugunduzi huo, hata hivyo, haukuleta tiba. Bright aliwapiga wagonjwa chuku na kuwapa dawa za kuharisha kama ilivyokuwa desturi, na wengi wao walifariki. Hakuficha vifo hivyo. Ndivyo vilivyokuwa msingi wa ushahidi wake. Vilevile alieleza aina tatu za madhara aliyoyaona kwenye figo, lakini akasita kudai kwa yakini kwamba ni magonjwa matatu tofauti.

Mnamo 1836 alichapisha orodha ya wagonjwa 100. Mwaka wa 1842, wadi mbili zenye vitanda 42 zilitengewa wagonjwa wa figo pekee, pamoja na maabara yake, jambo lililokuwa geni wakati huo. Bright, aliyekuwa ameteuliwa tabibu wa Malkia Victoria mwaka wa 1837, alifariki London Desemba 16, 1858, kutokana na maradhi ya moyo.

Swali aliloliacha lilijibiwa baada ya karne moja. Katika miaka ya 1950, madaktari walianza kuchukua kipande kidogo cha figo ya mtu aliye hai kwa sindano. Hapo ikathibitika kwamba ugonjwa wa Bright ni jina moja lililofunika maradhi mengi. Katika miaka ya 1960, watafiti nchini Ufaransa waliotumia hadubini ya elektroni walieleza mojawapo, ambalo ni nadra mno: vitu vizito hujilimbikiza ndani ya utando wa vichujio vya figo. Ilikuja kujulikana kwamba chanzo chake ni sehemu ya kinga ya mwili iitwayo komplementi, hasa protini ya C3, inapofanya kazi bila kizuizi.

Mnamo 2025 Marekani iliidhinisha dawa mbili za kuzuia komplementi kwa wagonjwa wa kundi hilo. Kipimo kikuu kilichotumiwa kutathmini nguvu ya dawa hizo kilikuwa kiasi cha protini kinachovuja kwenye mkojo, dalili ile ile iliyotafutwa kwa kijiko na mshumaa. Leo kikaratasi kidogo kimechukua nafasi ya mshumaa, na mama mjamzito anayepimwa mkojo kliniki nchini Kenya hutafutiwa protini hiyo hiyo, ili hatari igunduliwe angali na nafasi ya kuokolewa. Nafasi hiyo wagonjwa wengi wa Bright hawakuipata.