Benuzzi: Mfungwa aliyetoroka kambini kupanda Mlima Kenya, kisha akarudi mwenyewe

SHABIKI wa Tarime au Mugumu hahitaji kuambiwa mvua inavyovuruga ratiba. Uwanja ukijaa maji, mechi inasogezwa, maisha yanaendelea. Kwenye mwamba ni habari nyingine: ukikosea msimu, hakuna mechi ya marudiano.

Felice Benuzzi alilijua hilo vizuri. Muitaliano huyo alizaliwa Vienna mwaka 1910, akakulia Trieste, akaanza kupanda milima tangu ujana na kuiwakilisha nchi yake kwenye kuogelea. Baadaye akapelekwa Ethiopia kufanya kazi katika utawala wa kikoloni wa Italia.

Mwaka 1941 Waingereza wakaitwaa Addis Ababa na Benuzzi akawa mfungwa wa vita. Mwaka uliofuata alikuwa Kambi Namba 354, Nanyuki, Kenya. Mwanzoni hakuona kitu zaidi ya matope na mawingu. Kisha mawingu yakafunguka, Mlima Kenya ukajitokeza na barafu yake, na jamaa akapata wazo ambalo wenzake wengi waliliona ni wazimu: kutoroka, apande mlima, halafu arudi kambini.

Akasuka kikosi. Giovanni Balletto alikuwa daktari na mpandaji. Vincenzo Barsotti hakuwa na uzoefu wowote wa milima, lakini moyo alikuwa nao.

Vifaa walitengeneza kwa siri. Nyundo zikageuzwa shoka za barafu, vyuma chakavu vikawa meno ya kufunga chini ya viatu, kamba zikatoka kwenye vitanda. Chakula walibania kwenye mgao wao. Ramani hawakuwa nayo. Walitegemea zaidi picha ya mlima iliyokuwa kwenye karatasi ya kopo la nyama.

Ikabaki tarehe. Upande ule masika hupiga Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba. Januari na Februari ndio ukavu, na kama lilivyo dirisha dogo la usajili, muda wenyewe ni mfupi. Januari 24, 1943, wakatoka kwa ufunguo wa kuchonga.

Njiani Barsotti akaugua, akaachwa kwenye hema. Benuzzi na Balletto wakaivaa Batian, kilele kikuu chenye mita 5,199. Pamoja na hesabu zote za msimu, dhoruba ya theluji ikawakuta juu ya mwamba. Hawakung'ang'ania. Wakageuza.

Februari 6 wakapanda Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia. Chakula kilikuwa kimekwisha, na safari ya kurudi ikawa ya njaa kali. Walifika kambini wakajisalimisha wenyewe. Wakapewa siku 28 za kifungo cha peke yao, lakini mkuu wa kambi akazipunguza hadi saba kwa kuthamini uanamichezo wao.

Baada ya vita Benuzzi aliandika kitabu cha safari hiyo, Fuga sul Kenya, kilichotoka mwaka 1947. Akawa mwanadiplomasia na kufikia ubalozi wa Italia nchini Uruguay. Alifariki Roma mwaka 1988.

Kalenda ilimpa siku ya kuanza, lakini siku ya kugeuza aliisoma mwenyewe angani. Kwa lugha ya mpira, pointi tatu za Batian zilimponyoka ugenini, akabeba moja ya Lenana, na kikosi kikarudi kamili, watu watatu walewale.